Kidani cha Kusafishwa Tu

Bahasha ililetwa na dereva wa pikipiki Jumatano asubuhi. Shangazi alikuwa hospitali ya macho, na karakana yake ya vito ilikuwa na mtu mmoja tu: binti wa kaka yake, ambaye wateja wote walimwita Msomi.

"Ni kidani cha fedha. Nimeambiwa kusafishwa tu," alisema dereva bila kuvua kofia yake ngumu. "Nimeambiwa niseme hivyo hivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Kusafishwa tu."

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa Mama Pindo, yule fundi cherehani wa mtaa wa juu. Amesema bosi wako anajua."

Msomi akaandika kwenye daftari la kazi: kidani kimoja, fedha, kusafishwa. Hakumjua Mama Pindo. Alikuwa na miezi minane tu pale karakana, tangu alipomaliza chuo na shahada ya historia iliyong'aa kuliko kila kitu kilichokuwa kwenye kabati la kioo. Alikuwa amepeleka barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akaanza kumwuliza habari za nyumbani. Hapo ndipo Shangazi alipomwambia, "Shahada haiozi, mwanangu. Iweke sandukuni uje ushike tupa. Wakikuita, utakwenda ukiwa na kazi mbili mkononi."

Tupa alikuwa ameishika vizuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi na macho yalikuwa makali, kulehemu alijifunza kwa miezi mitatu, na hata Shangazi, ambaye sifa zake hutoka kwa kibano, alikuwa amesema, "Si mbaya." Lakini moyo wa Msomi ulikuwa kwenye rafu ya tatu ya kabati. Rafu hiyo aliiomba mwenyewe, akapanga humo vito vyenye alama za amani tu, na mbele ya kila kimoja akasimamisha kadi ndogo aliyoiandika kwa mkono wake. Kadi ya njiwa mwenye tawi la mzeituni mdomoni ilieleza habari za gharika. Ya ndege wa karatasi ilimtaja msichana wa Kijapani aliyeugua kwa sababu ya bomu la atomiki, akawa anakunja korongo mmoja baada ya mwingine kitandani. Ya bunduki iliyovunjika vipande viwili ilisimulia watu waliokataa kwenda vitani. Na kadi ya lile duara lenye mistari ndani yake, ambalo vijana hulinunua kuliko vyote, ilisema lilichorwa Uingereza mwaka 1958 kwa ajili ya waandamanaji waliopinga silaha za nyuklia. Kwamba mistari yake ni ishara mbili za bendera za mabaharia, moja juu ya nyingine. Na kwamba halina mwenyewe, kila mtu duniani ana ruhusa ya kulivaa.

"Mteja anataka hereni, wewe unampa mtihani," Shangazi alisema alipoziona kadi zile kwa mara ya kwanza.

"Akijua amevaa nini, Shangazi, atatembea tofauti."

"Atatembea tofauti viatu vikimbana." Lakini kadi hakuziondoa.

Basi Msomi alipofungua bahasha ile na kumimina kilichomo kwenye kiganja, alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Lilikuwa ni duara lile lile. Lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti, jeusi kwa uzee, na mistari yake haikunyooka sawasawa. Mkono uliolitengeneza ulikuwa mkono wa mwanafunzi. Kipete cha kupitishia mkufu kilikuwa kimelika, kimebaki chembamba kama uzi. Na kipete chenyewe kilikuwa mahali pasipo pake. Kilikuwa upande wa chini, kwa hiyo kidani kikivaliwa kilining'inia kichwa chini, na ile mistari miwili ya pembeni, badala ya kushuka, ilipanda juu kama mikono ya mtu anayeita.

Maskini, aliwaza Msomi. Mama wa watu ametembea na kitu hiki kichwa chini miaka yote hii, na hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo wema wa Msomi ulipomponza. Aliambiwa kusafisha tu. Lakini kipete kilikuwa kimelika, si kingekatika siku yoyote? Na kama unabadilisha kipete, utakirudisha vipi mahali pabaya kwa makusudi? Aliwasha kichomeo cha gesi. Akakiondoa kipete cha zamani, akalisugua lile kovu kwa tupa, kisha kwa msasa, mpaka pakawa laini kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Akalehemu kipete kipya upande wa pili, akakitia kidani kwenye maji ya asidi, akakipiga brashi mpaka kikawaka. Mwisho akachukua kadi tupu na kalamu ya wino.

"Mpendwa mteja," aliandika, "kidani chako kimesafishwa. Tumeona kwamba alama hii ya amani ilikuwa ikining'inia kichwa chini, nasi tumeirekebisha bila malipo ili ikae inavyostahili. Karibu tena." Akagonga muhuri wa karakana, wenye jina la Shangazi na namba yake ya simu. Saa tisa dereva yule yule akapita kuichukua bahasha.

Siku ile Msomi alilala usingizi wa mtu aliyetenda jema.

Shangazi alirudi kazini Jumamosi, jicho la kulia limefunikwa kwa kikombe cha plastiki na plasta. Daktari alikuwa amemkataza moto, moshi na kuinama kwa wiki mbili. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akiamrisha.

"Hiyo waya unaivuta au unaibembeleza?"

"Naivuta, Shangazi."

"Haya. Mimi nina jicho moja, masikio ninayo mawili."

Saa tano dereva wa pikipiki akasimama mlangoni. Aliweka bahasha juu ya meza, akatazama pembeni, akaondoka. Ilikuwa bahasha ile ile. Msomi aliitambua kwa doa la mafuta kwenye kona.

"Nani huyo?" Shangazi aliuliza. "Mbona hata salamu hakuna?"

"Ni mzigo wa Mama Pindo."

Shangazi akageuza kichwa chote, kama mtu mwenye jicho moja anavyolazimika. "Mama Pindo yupi?"

"Fundi cherehani. Alileta kidani Jumatano, ukiwa hospitali. Kusafishwa tu. Nilishakirudisha, sijui kwa nini—"

"Alileta kidani." Shangazi alisimama, kisha akakaa tena. Uso wake ulifanya kitu ambacho Msomi hakuwahi kukiona. Ulikuwa kama chumba kilichofunguliwa madirisha. "Alileta mwenyewe? Alisemaje? Hebu rudia maneno yake."

"Alimtuma dereva. Alimwambia aseme, kusafishwa tu. Wala asiongeze wala asipunguze."

"Ee," alisema Shangazi polepole. "Ndivyo inavyosemwa. Sasa fungua, nisomee. Ameandika nini?"

Msomi akafungua. Ndani kilikuwamo kidani, na ile kadi yake yenye muhuri. Chini ya maandishi yake ya wino palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa chaki ya fundi cherehani, chaki ya buluu, ambayo ilikuwa imeanza kufutika.

"Someni basi, nyie wenye macho."

"Ameandika, 'Nimekuelewa. Asante kwa kunirekebisha.'"

Shangazi akanyoosha mkono, Msomi akamwekea kidani kiganjani. Hakukitazama. Alikizungusha kwa kidole gumba, ukingo wote, akitafuta kitu, mpaka akafika pale palipokuwa pamesuguliwa pakawa laini. Kidole kikasimama hapo.

"Umehamisha kipete."

"Kilikuwa kichwa chini, Shangazi. Nilikirekebisha."

"Na kadi? Ulimwandikia nini kwenye kadi?"

Msomi akasoma. Alipofika kwenye "inavyostahili" sauti ilishuka mpaka haikusikika.

Shangazi hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Aliingiza mkono kwenye ukosi wa blauzi yake, akavuta mkufu ambao Msomi aliuona kila siku bila kujua mwisho wake una nini. Kilikuwa kidani pacha cha kile cha kwanza. Mistari ile ile iliyopinda, na kipete upande ule ule mbaya.

"Tulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Chuo cha ufundi. Mimi vito, yeye ushonaji, chumba kimoja. Siku moja alileta gazeti lenye picha ya hiyo alama, akaliweka mezani mbele yake, akaniambia nitutengenezee viwili. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Nikachora nilivyokiona. Wala hatukujua ni kitu gani. Tulidhani ni mti, tukauita mti."

"Hamkujua baadaye?"

"Tulijua. Tumeona kwenye fulana za watu, hatujafumba macho. Tukacheka, tukaacha." Alikiingiza chake tena ndani ya ukosi. "Sasa sikiliza. Mama Pindo ana mdomo, na mimi nina kiburi. Watu wawili wa hivyo hawaombani radhi, watakufa na maneno tumboni. Tukaweka utaratibu. Tukigombana, anayechoka kwanza anampelekea mwenzake kidani. Kusafishwa tu. Mwenzake anakisafisha, anakirudisha kama kilivyo. Basi, imekwisha. Hakuna samahani, hakuna vikao, hakuna nani alianza. Tumefanya hivyo mara tisa. Sita alituma yeye kwanza, tatu mimi. Ukimwuliza yeye, atakwambia alituma mara nne tu."

"Na ugomvi wa mwisho?"

"Nilipohama. Karakana ilikuwa ukuta kwa ukuta na chumba chake. Nikapata hapa, nikahama bila kumwambia. Miaka saba sasa. Yeye anangoja changu, mimi nangoja chake." Akagusa plasta ya jichoni. "Atakuwa amesikia napasuliwa. Akaleta. Baada ya miaka saba amemeza yote akaleta, na mimi nikamjibu kwa muhuri kwamba anavaa kichwa chini."

"Nitakwenda kumweleza."

"Umweleze nini? Historia?"

Neno lile lilimwingia Msomi kama sindano. Shangazi mwenyewe aliona, akalegeza sauti. "Acha, mwanangu. Namjua. Akishafunga, amefunga."

Lakini Msomi alikuwa na umri ule ambao mtu bado anaamini kwamba kitu kilichoharibiwa kwa mkono kinatengenezeka kwa mkono. Alitia kidani mfukoni, akavua aproni, akapanda mtaa wa juu kwa miguu.

Chumba cha Mama Pindo kilikuwa cha pili kutoka kona, mlango wazi, cherehani likivuma kama nyuki. Mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni alikuwa amebana pini nne mdomoni na kusukuma pazia refu chini ya sindano. Hakuinua macho.

"Kama ni suruali, wiki ijayo," alisema kupitia pini.

"Shikamoo, Mama. Natoka kwa sonara."

Cherehani liliendelea mpaka mwisho wa mshono. Kisha Mama Pindo akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto. "Marahaba. Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri?"

"Ndiyo, Mama. Na kipete nilikihamisha mimi."

"Miaka thelathini na moja nimekivaa hivyo. Nimezaa nacho, nimezika nacho. Hakuna aliyekufa kwa sababu mti wangu umeota juu." Alikata uzi kwa meno. "Kamwambie bosi wako nimemsikia. Hakuwa na haja ya kutuma mtoto."

"Hajanituma. Amenikataza." Msomi alijua hotuba aliyoipanga njiani haitafaa, akaiacha. "Mama, Shangazi hakukiona. Jumatano alikuwa kitandani hospitali, jicho limefungwa. Hakujua kama umekileta. Amejua leo, kadi yako iliporudi. Mimi ndiye niliyekipokea, mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyegonga muhuri."

Mama Pindo akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Hakukiona?"

"Hata kwa lile jicho zima."

"Kwa hiyo kadi ile ilikuwa yako."

"Yangu yote."

"Na wewe kwangu ni nani?"

Msomi akafikiri. "Kwa kweli, Mama, si mtu yeyote."

Mama Pindo alimtazama kwa muda, jinsi wanavyotazama mafundi nguo, kana kwamba anamkadiria mabega. "Basi bado sijajibiwa," alisema hatimaye, zaidi kwa nafsi yake. Akalikunja pazia, akatafuta viatu vyake chini ya meza kwa mguu. "Tangulia. Na usije ukamwambia nimekuja kumwona. Mimi ni mteja mwenye malalamiko. Nimeharibiwa mali, nakwenda kusimama juu ya kichwa cha fundi mpaka irudi kama ilivyokuwa."

Aliingia karakana futi ikiwa bado shingoni. Shangazi alikuwa amekaa pale pale.

"Karibu," alisema Shangazi.

"Nina malalamiko."

"Yaeleze."

"Nilileta kitu kusafishwa, kimerudi kimegeuzwa."

"Malalamiko yamepokelewa. Kitatengenezwa."

"Sasa hivi, nikiona. Siondoki." Mama Pindo alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza ya kazi. "Na ukitengeneze wewe."

"Daktari amenikataza moto."

"Tangu lini wewe ukamsikiliza mtu?"

"Tangu nilipofungwa jicho moja nikabaki na moja la kukuonea wewe. Atatengeneza yeye. Mkono wake si mbaya."

Basi ilimbidi Msomi akae kati yao. Aliweka kidani juu ya tofali la kuchomea, akakipaka boraksi, dawa ya kuifanya lehemu itiririke, akakata kipande cha lehemu kidogo kama punje ya sukari. Kazi haikuwa rahisi. Pale alipopasugua Jumatano palikuwa pembamba kwa sababu ya tupa yake mwenyewe, na fedha nyembamba ikizidiwa na moto huyeyuka kama siagi. Alijua kwamba mara hii akikosea hakuna kadi itakayotosha.

"Moto upeleke mbali kwanza," alisema Shangazi.

"Mbona anakawia?" alisema Mama Pindo.

"Unamkawiza wewe. Nyamaza."

"Nimenyamaza miaka saba. Inatosha."

Msomi alikaribisha moto. Kidani kikabadilika rangi, kikawa cheusi, kisha kikaanza wekundu wa mbali. Hapo fundi hainui macho kwa lolote, maana lehemu huyeyuka na kukimbia kwa nukta moja, na ukiikosa hiyo umekosa yote.

Na nukta hiyo ndiyo Mama Pindo aliyoichagua.

"Nilisikia kwa mteja aliyeleta vifungo," alisema. "Aliniambia, 'Jirani yako amehama.' Nikamwambia hapana, yumo. Nikatoka nje kwenda kugonga mlango wako nimhakikishie. Nikagonga mlango wa chumba kitupu, mbele ya mteja."

Lehemu iling'aa, ikakimbia kuzunguka mguu wa kipete, ikatulia. Msomi akaondoa moto. Hakuthubutu kugeuka.

"Ningekwambia ungelia," alisema Shangazi.

"Ningelia, ndiyo."

"Ungelia, ningebaki. Na pale palikuwa pananiua kwa moshi, hapakuwa na dirisha. Nikaona nihame kwanza, nije nikueleze jioni. Jioni nikaona nije kesho." Alivuta pumzi. "Kesho ikawa hivi unavyoiona."

Msomi akakitumbukiza kidani kwenye maji, kikalia shh. Upande mmoja kilikuwa na kipete. Upande wa pili, pale alipokata kile cha Jumatano, kilibaki na kijikovu. Akanyoosha mkono kuchukua msasa.

"Kiache," alisema Mama Pindo.

"Kinaonekana, Mama."

"Kionekane. Hebu wewe mwenye kadi, niambie. Kweli kabisa sisi tumekosea? Aliyekichora alitaka kiangalie chini?"

Msomi akaifuta mikono yake kwenye aproni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Alisema alijichora yeye mwenyewe, wakati amekata tamaa. Mtu aliyesimama, mikono imefunguka na kushuka chini. Lakini inasemekana uzeeni alijuta. Aliona amani si kitu cha kushusha mikono. Alitaka kigeuzwe, mikono iwe juu."

"Hilo ulilijua Jumatano?"

"Nililijua tangu chuo."

"Na kwenye kadi mbona hakuna?"

"Kadi ilikuwa imejaa."

Mama Pindo alianza kucheka kidogo kidogo, kisha mabega yakaingia, kisha futi ikaanguka kutoka shingoni. "Unamsikia?" alimwambia Shangazi. "Bwana yule kazunguka dunia nzima na mwisho kaja kukaa upande wako wa meza!"

Shangazi naye alicheka, akishikilia plasta isibanduke, kwa maana kucheka daktari hakukutaja.

Kidani kilitoka majini kikiwa na weupe uliofifia wa fedha iliyotoka motoni, kikihitaji kusafishwa. Msomi akachukua brashi. Shangazi akamnyang'anya.

"Hii si kazi yako."

Akakisogeza kidani karibu na jicho lake zima, akaanza kukisugua polepole, mstari kwa mstari. Alipofika katikati alisimama, akavua mkufu wake mwenyewe kwa mkono mmoja, akausukuma juu ya meza kuelekea upande wa pili.

Mama Pindo akauokota. Akautazama ule weusi wa miaka saba.

"Kitambaa kiko wapi?" alimwuliza Msomi. "Na dawa ya meno."

"Dawa ya meno inakwaruza fedha," alisema Shangazi.

"Imekwaruza miaka thelathini na moja, unaniambia leo?"

"Nimekuwa nikikwambia tangu chuo."

"Basi hukusema kwa sauti."

Msomi aliwaachia meza. Alikwenda kwenye kabati, akaitoa kadi ya lile duara, akaigeuza nyuma, ambako palikuwa peupe kabisa, akatafuta kalamu.